Ukuta Uliokandikwa Upande Mmoja

Ipo siku moja ambayo kila nikisikia chuma kikigonga chuma hunirudia nzima nzima, na vumbi lake na harufu yake. Asubuhi hii imenirudia tena. Nilikuwa nimekaa barazani na kikombe changu cha uji, nikasikia ko, ko, ko nyuma ya nyumba, nikajua ni wewe na yale makopo mawili uliyoyajaza saruji ukayaunganisha kwa bomba la maji. Nikaja kuchungulia. Umelala chali juu ya benchi la mama yako, unasukuma juu, unashusha, mishipa ya shingo imekutoka. Ulipomaliza ukasimama mbele ya kile kioo kilichovunjika pembe, ukajitazama kifua. Mbele, kisha upande huu, kisha upande ule. Mgongo hukuutazama hata mara moja.

Nilitaka kucheka, uji ukanipalia. Maana kijana niliyemwona pale nilimfahamu tangu zamani sana, kabla mama yako hajazaliwa. Wewe ni mjukuu wangu, lakini leo nitakuita mwanangu, kwa kuwa maneno haya ni ya mzazi kwa mtoto. Keti. Makopo hayatakimbia.

Nachingwea ya ujana wangu, mwanangu, usiitafute ndani ya Nachingwea hii ya bodaboda na maghala ya korosho. Ile ilikuja kama watu wanavyokuja ndotoni. Leo pori, kesho mahema, kesho kutwa mabati yanang'aa mpaka unaziba macho. Wazungu walikuwa wameleta mradi wa karanga, na matrekta yalikwenda mawili mawili yakiburuta mnyororo mmoja mnene kati yao, na miti mikubwa ambayo babu zetu waliiogopa ikilala chini bila ugomvi. Sisi tukiwa kwetu Ruponda tulikuwa tunasikia ngurumo hiyo tangu alfajiri, imechanganyika na ukungu, hata hujui kama ni mashine au ni ardhi yenyewe inakoroma. Nikaacha jembe la mama, nikaenda kuandikwa kazi. Walinipeleka karakana, kazi yangu kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Hata sasa nikiwasha kibatari, ile harufu inanirudisha kule, naona vumbi jekundu limesimama hewani jioni, halitaki kushuka.

Nilikuwa na miaka kama ishirini. Mwembamba, mrefu, mbavu zinahesabika.

Siku ninayoisema ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa nimevua shati kwa joto, nasaidia kushusha magunia, na mbele yangu palikuwa na mzee mmoja kutoka Ruangwa amekuja kuuza nta na asali. Mzee Mfaume, ndilo jina lake. Pembeni yake alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, msichana aitwaye Somoe, amekaa juu ya kirago anafunga vitu vyao. Alinitazama kutoka juu hadi chini, akatabasamu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Kaka, hicho ni kifua au ni ubao wa chuoni? Mtu anaweza kukuandikia alifu, be, te hapo, na nafasi ikabaki."

Soko zima lilicheka. Hata Mzee Mfaume aligeuza uso pembeni ili asionekane. Mimi nikatafuta shati langu, sikulipata, nikavaa gunia. Nilitamani kumjibu, ulimi haukuwepo. Na wakati nasimama pale kama mwizi aliyekamatwa, mwanangu, moyo wangu ulikuwa umekwisha kwenda zake Ruangwa juu ya ule mzigo wa nta.

Basi, neno la msichana kwa kijana wa miaka ishirini haliingii sikio moja likatokea la pili. Linakaa. Nililala nalo, niliosha nalo vyuma. Nikaapa kwamba kabla sijatuma mtu kwa Mzee Mfaume, kifua hiki kitakuwa kifua.

Pale karakana palikuwa na fundi mmoja Mzungu, mrefu, mwekundu usoni, tulimwita Bwana Spana kwa sababu spana haikumtoka mkononi. Jioni, jua likiwa bado lipo, alikuwa na tabia ya kulala juu ya ubao nje ya hema lake na kusukuma chuma. Alikuwa amechukua fimbo ya ekseli ya lori bovu, akaivisha magurudumu ya gia huku na huku. Anashusha polepole mpaka kifuani, anapandisha polepole, huku anapuliza pumzi. Kifua chake kilikuwa kipana kama mlango wa ghala. Tulisimama mbali tunamtazama, wengine wakidhani ni dawa, wengine wakidhani ni adhabu amepewa na wakubwa wake.

Mimi nilijisogeza. Nikamwomba anifundishe. Akaniruhusu kuokota gia zilizotupwa na fimbo iliyopinda kidogo, akanionyesha namna ya kushika na namna ya kupumua. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alichosema nakikumbuka neno kwa neno.

"Leo sukuma," akasema. "Kesho vuta. Kesho kutwa kula, lala. Halafu tena."

Na kweli siku ya pili nilimwona ameinama, mgongo umenyooka, anavuta ile ekseli kutoka chini mpaka tumboni, anairudisha chini, anaivuta tena. Kwangu mimi haikuwa kitu cha kupendeza. Kijana ameinama, makalio nyuma, uso chini. Nikajiuliza, mgongo nani atauona? Somoe hatakuja kunitazama kwa nyuma. Nikamwitikia Bwana Spana ndiyo bwana, nikaenda kufanya langu.

Langu lilikuwa hili: kusukuma leo, kusukuma kesho, kusukuma kesho kutwa. Siku ya kula na kulala niliifuta kwenye kalenda yangu. Nilijenga kijibanda cha makuti nyuma ya kambi ya wafanyakazi, nikaweka ubao juu ya masanduku mawili ya vipuri, na kila nikitoka kazini nilikuwa hapo. Siwezi kukudanganya, mwanangu, mwanzo ule ulikuwa mtamu. Kuna saa ambayo chuma kinakuwa chepesi, anga iko juu yako, mwewe anazunguka huko mbali, na wewe unapanda na kushuka nacho kama mtu aliyelala kwenye machela. Nilikuwa nafumba macho namwona Somoe. Miezi ikapita hivyo, karibu mwaka. Shati likaanza kubana. Wenzangu kambini wakaanza kuniita Bwana Kifua, nami nikawa naitika.

Lakini kilichokuwa kinakua mbele kilikuwa kinanivuta mbele. Mabega yalianza kuinama kwa ndani. Nikibeba ndoo, mgongo unauma. Nikiinama kuosha gia, kiuno kinalia. Nilisema ni uchovu wa kazi. Kijana ana jibu la kila kitu.

Nikatuma mjumbe Ruangwa. Mzee Mfaume akakubali kunisikiliza, maana kwetu huku sisi Wamwera mjomba ndiye mwenye sauti juu ya mtoto wa dada yake. Na kwetu huku, wakati ule, mwanamume ndiye aliyehamia kwa watu wa mke. Huji na gari kumchukua msichana wa watu. Unakwenda kwao, unajenga nyumba katika ua wa mama yake, wanakuona unavyolima na unavyoamka, ndipo wanaamua. Mzee akaleta jibu fupi: nije baada ya mavuno, nijenge nyumba ya Somoe kabla mvua hazijaanza. Nyumba ikisimama, ndoa. Isiposimama, kila mtu na njia yake.

Hapo ndipo nilipofanya la kijinga. Zilikuwa zimebaki siku tatu niondoke. Nikajitazama kwenye kipande cha kioo cha lori, nikaona bado. Nikaongeza gia mbili kwa mpigo, moja kila upande, mimi niliyekuwa naongeza ndogo ndogo, tena baada ya miezi. Tena nilikuwa peke yangu, wenzangu wamekwenda kuoga. Wazee wana msemo, na unisamehe kwa maneno yake: ukimwiga tembo kunya utapasuka msamba. Nilishusha chuma mpaka kifuani. Nilipokipandisha, kilifika nusu, kikasimama. Nikasikia ndani ya kwapa la kulia kitu kimeachia, kama uzi wa mshono unavyoachia. Ekseli ikaanguka kando yangu, ikapasua sanduku. Nililala pale natazama makuti, sijui kwa muda gani. Haikuwa na maumivu mwanzoni. Ilikuwa kama mtu ameniita jina langu kutoka mbali.

Kesho yake kwapa na kifua vilikuwa na weusi kama zambarau, na mkono haupandi juu ya bega. Nilimwambia nani? Hakuna. Nilifunga vifungo vya shati mpaka shingoni, nikapanda lori la magunia, nikaenda Ruangwa kujenga nyumba kwa mkono mmoja.

Walinipokea vizuri sana. Ruangwa wakati ule ilikuwa vijumba na maduka machache, na njia ya kwenda sokoni ilipita pembeni kabisa mwa ua wa mama yake Somoe. Akina mama waliokuwa wanapita walisimama kunitazama. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, "Huyo ndiye mkwe wa Mfaume? Atamaliza nyumba kwa siku mbili huyo." Somoe mwenyewe alitoka nje na ungo wake wa mtama, akanitazama, akaendelea kupepeta. Sikujua kama amependezwa. Niliamua kwamba amependezwa.

Nikaanza kuchimba mashimo ya nguzo. Kuchimba ni kuinama, mwanangu, na mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mimi mgongo uligoma tangu shimo la pili, na mkono wa kulia ulikuwa unawaka moto. Shimo lililotakiwa kumeza mkono mpaka kwenye kiwiko, langu liliishia kwenye kiganja na kidogo. Nikasimamisha nguzo, nikashindilia udongo juu juu kwa mguu. Nikafunga fito. Kwa kutazama, ilikuwa nyumba.

Mzee Mfaume alikuja asubuhi ya kukandika amevaa shuka lake la kazi. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, kifua bapa kuliko changu cha zamani, mifupa ya mabega imetokeza. Alipokuwa kijana alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika vita ile ya Wajerumani, akatembea na mzigo kichwani kutoka Lindi mpaka huko asikokujua, na akarudi. Wengi hawakurudi. Hakulisema sana jambo hilo.

Nadhani hujawahi kukandika, ninyi ni watoto wa tofali. Nyumba ya miti na udongo hukandikwa na watu wawili. Mmoja anakaa ndani, mwingine nje, mnatazamana kwenye matundu ya fito. Huyu anatupa donge, na yule anatupa donge, mahali palepale, saa ileile, udongo wa ndani na wa nje unakutana katikati na kushikana.

"Mimi nitakaa ndani, wewe kaa nje," akasema Mzee Mfaume.

"Pumzika, mjomba," nikamwambia. "Kazi ndogo hii. Nitaimaliza mwenyewe."

Alinitazama kidogo. "Kazi hii haina mwenyewe," akasema. Lakini hakubishana. Akakunja shuka lake akaenda kwenye mizinga yake ya nyuki.

Sikumkataa kwa heshima, mwanangu. Nilimkataa kwa sababu angekaa upande wa pili wa fito, ana kwa ana na mimi, angeona kwamba mkono wangu wa kulia haupandi. Nikakandika peke yangu, kwa mkono wa kushoto, upande wa nje tu, ule unaotazama njia ya sokoni. Nikauteleza kwa kiganja na maji mpaka ukang'aa. Ndani nikaacha fito wazi, nikisema nitakuja kumalizia. Watu waliopita waliusifu ukuta ule. Nilisimama kando yake, kifua mbele, ukuta na mimi tumefanana, sikujua tumefanana kiasi gani.

Mvua ya kwanza ilikuja siku ya tatu, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Haikuwa mvua ya kutisha, manyunyu tu ya mchana, yale yanayoinua harufu ya vumbi hadi mtu anasikia usingizi. Nilikuwa nimekaa barazani kwa mama mkwe nakula mihogo ya kuchoma. Niliona Somoe anakuja njiani na mtungi kichwani, anatembea polepole ili maji yasimwagike. Akapita chini ya ule ukuta. Nikaona ukuta unainama. Nakuambia niliuona, polepole, kama mtu anayesinzia swalani. Udongo wote ulikuwa nje, umelowa, ndani hakuna kitu cha kuushika, na nguzo hazikuwa na mizizi. Nikatupa muhogo, nikanyanyuka. Ukuta ukalala njiani kwa kishindo kimoja kizito.

Somoe alikuwa amekwisha pita hatua tatu. Tatu, mwanangu. Nimezihesabu maisha yangu yote. Aligeuka, akautazama udongo uliomrukia kwenye visigino, kisha akanitazama mimi. Mtungi haukuwa umetoka kichwani.

Nikakimbia nikaanza kuinua nguzo ya kwanza, ili watu waone nafanya kitu. Mkono ukakataa mbele ya wote. Nguzo ikanitoka, nikapiga magoti kwenye tope, nikalia. Sioni aibu kukuambia. Kwa kitu ambacho karibu nikifanye, machozi yalikuwa kidogo.

Mzee Mfaume alikuja, hakuharakisha. Aliwaambia watu waende zao. Akachuchumaa mbele yangu, akafungua vifungo vya shati langu kimoja kimoja, kama mtu anavyomvua mtoto mgonjwa, akaona ule weusi umeshageuka kijani na manjano. Akaweka kiganja kimoja kifuani pangu na kingine mgongoni, akavibana, akavitikisa kidogo, vile vile anavyojaribu ukuta.

"Tangu lini?"

"Kabla sijaja, mjomba."

"Na ukaona unifiche."

Nikajaribu kurudisha kifungo kwa mkono wa kushoto.

"Mbele umejaza," akasema, "nyuma umeacha fito. Nyumba yako umeijenga kwa mtindo wako mwenyewe." Akafuta kiganja kwenye shuka. "Sikikasirikii kifua. Kijana kujipenda si dhambi, mimi pia nilikuwa napaka mafuta. Lakini nilikotembea na mizigo niliwaona wenye vifua wakianguka kwanza, si kwa sababu ya vifua, ila kwa sababu waliona aibu kusema wameumia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe ufa wako uliufungia vifungo, na ukuta karibu umwangukie mtoto wangu."

Nikamwuliza kama ananifukuza.

"Nyumba haipo, na mvua zimeingia, kwa hiyo ndoa haipo mwaka huu. Hayo tulikubaliana. Nenda kwenu upone. Mavuno mengine yatakuja. Ukitaka kurudi, rudi, lakini uje na mgongo."

Nilipokuwa naondoka, Somoe alikuwa anazoa udongo njiani. Nilipita karibu yake bila kuinua kichwa. Akasema, kama anauambia udongo, "Ruponda si mbali."

Neno hilo ndilo lililonivusha mwaka ule.

Nilipona polepole, kwa mama Ruponda. Miezi miwili sikugusa chuma. Kule Nachingwea mradi ulikuwa umeanza kufifia, mvua zilikuwa hazikuja kama walivyotaka, udongo ulikuwa mgumu kama chungu, na matrekta yalikuwa yamesimama kwenye nyasi, ndege wameweka viota chini ya viti. Ukipita kule jioni ilikuwa kimya mpaka unasikia kutu. Bwana Spana naye alikuwa anafunga virago. Nilikwenda kumwambia yaliyonipata. Hakushangaa. Aliinua kidole kimoja, "Sukuma," akainua cha pili, "vuta," akaegemeza shavu kwenye kiganja na kufumba macho. Kisha akanipa ile ekseli yake iliyonyooka.

Nikaanza upya, kwa fimbo tupu isiyo na gia. Siku ya kusukuma nilisukuma, siku ya kuvuta niliinama nikavuta, na siku ya kulala nililala kweli, nikala kunde na mbaazi na karanga za shamba la mama. Nilimwomba mwenzangu mmoja wa kambini asimame upande wa kichwani kwangu, tayari kudaka, kila nikilala chini ya chuma. Haba na haba hujaza kibaba. Nikarudia jembe pia, na safari hii kiuno hakikulia. Kifua kilirudi, kidogo kuliko kile cha kwanza. Mabega ndiyo yaliyofunguka, yakarudi mahali pake. Wenzangu wakaacha kuniita Bwana Kifua, nikasahau kusikitika.

Mavuno yakaja. Nikaenda Ruangwa kwa miguu. Nikachimba mashimo ya kufika kwenye kiwiko, yote, na nilipochoka nilisema nimechoka. Asubuhi ya kukandika Mzee Mfaume akatokea na shuka lake, akasimama mlangoni mwa nyumba isiyo na ukuta. Hakuniuliza. Nikamwambia, "Mjomba, naomba ukae ndani."

Tulikandika siku nzima. Donge lake, donge langu, pwa, pwa, tukitazamana kwenye matundu. Tulianza chini, na ukuta ulivyopanda, kwanza sikuiona tena miguu yake, halafu tumbo, halafu kile kifua chake chembamba kikapotea nyuma ya udongo. Jua lilikuwa linapita kwenye fito zilizobaki na kumchora mistari usoni. Nilikuwa nasikia pumzi yake na yangu, na kila nikilisukuma donge nilihisi mkono wake upande wa pili unalipokea. Jioni lilibaki tundu moja tu, kubwa kama kiganja, na ndani yake jicho la Mzee Mfaume.

"Haya, mkwe," akasema kutoka ndani. "Ziba."

Ndiyo nyumba ile, mwanangu, mama yako alizaliwa humo. Somoe ndiye yule ambaye wewe ulimjua kwa jina la Bibi Karanga tu, kwa sababu mikono yake haikukosa karanga za kumenya. Siku moja, tayari tuna watoto watatu, nilimwuliza kama anakumbuka aliponiambia kifua changu ni ubao wa chuoni. Alimenya karanga mbili tatu.

"Nilisema hivyo?" akasema. "Labda. Nta ilikuwa imekwisha kuuzwa, mjomba alikuwa ananihimiza tuondoke. Nilitafuta tu neno la kukufanya unijibu, nikae kidogo."

Ekseli nzima, mwanangu. Na gia zote zile.

Nimalizie. Mwaka ule alipougua, wewe ulikuwa mdogo. Gari halikufika huku kwa sababu ya matope, na alitakiwa kwenda zahanati. Watu walitaka kutafuta machela. Mimi nikainama. Nilikuwa mzee tayari, naye alikuwa amekwisha kuwa mwepesi kama tita la nyasi. Nilimbeba mgongoni tangu mlango wa nyumba ile mpaka barabara kubwa, na sikupumzika. Njiani alikuwa kimya, nikadhani amelala. Halafu nikahisi kidole chake mgongoni kwangu, kinaandika polepole. Alifu. Be. Te.

Kwa hiyo sikukatazi makopo yako. Sukuma, unatakiwa kusukuma, kifua cha kijana ni pambo lake. Lakini siku utakayosukuma, kesho yake uvute, na kesho kutwa uupe mwili haki yake ya kula na kulala, maana nyama hujijenga umepumzika. Ongeza kidogo, usiongeze kwa ajili ya macho ya mtu. Usilale chini ya chuma peke yako, niite, nitakuja na kigoda changu nikae kichwani kwako, uji wangu mkononi. Na siku kitu kikikatika ndani yako, kifuani au penginepo pote, usikifungie vifungo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie mtu, awe ndani nawe uwe nje, msaidiane kuziba.

Njoo sasa nikuwekee mkono. Mungu akujaze kifua na asikuache wazi nyuma. Nyumba utakayojenga wewe isimwangukie mpita njia. Na atakapochoka yule unayempenda, akukute una mgongo wa kumbeba. Amina, mwanangu. Haya, kageuze hicho kioo, ujitazame na upande huo mwingine.